Kabula Anatafuta Soko la Vibuyu

"Kuanzia hapa Kasansa mpaka Mpanda mjini," alisema Kabula, "hakuna mwanamke anayenishinda kutengeneza kibuyu cha maziwa. Hayupo!"

Akajikuna shingo.

"Ukimtoa dada yangu," akaongeza. "Na marehemu mama. Na yule mwanamke wa Kasekese mwenye jicho moja. Lakini yule hana adabu, kwa hiyo simhesabu."

Suzana alicheka mpaka ungo ukamtikisika mikononi. Suzana alikuwa mke wa Ndaki, mtoto wa pekee wa Kabula. Yeye na mama mkwe wake walipendana, lakini hawakuoneana haya.

"Mama, na hicho ulichopakata?" aliuliza Suzana.

"Kina nini?"

"Kinavuja."

Kabula akatazama chini. Maji yalikuwa yanamdondokea mguuni, yamefika kwenye kisigino.

"Si ndiyo maana nakijaribu kwa maji?" alisema Kabula. "Ungependa nikijaribu kwa maziwa?"

Kusema kweli, kazi yake ilikuwa nzuri. Alipanda vibuyu nyuma ya nyumba. Vikikomaa alivikausha juu ya meko. Kisha alivitoboa, akatoa mbegu, akavisugua ndani kwa maji na vijiwe. Alichora nje kwa waya wa moto: miraba, nyayo za ndege, pembe za ng'ombe. Alisuka kifuniko cha nyasi. Mwisho alichoma kijiti chenye harufu nzuri, akakipitisha ndani ya kibuyu mpaka kikajaa moshi. Kibuyu kilichotiwa moshi namna hiyo hutunza maziwa. Na mtindi wake, ukiuonja, unaweza kusahau jina la mumeo.

Lakini mwaka ule, mwaka wa tisini na sita, vibuyu ishirini na tatu vilikuwa vinaning'inia darini kwa Kabula. Hakuna aliyevinunua. Panya walikuwa wameanza kuvizoea.

Na mwaka ule jua lilikuwa limekula mahindi. Mahindi yalitoa mashuke, yakatoa ndevu, kisha mvua ikakatika. Walivuna kidogo sana.

Jioni moja mume wake, Malale, alitoka kuchungulia ghala. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kofia yake ya majani aliivua wakati wa kulala tu.

"Mama Ndaki," alisema, "mahindi yamebaki kimo cha goti."

"Goti la nani?"

"Langu."

"Afadhali," alisema Kabula. "Wewe una miguu mirefu."

Malale hakucheka. "Ikifika mwezi wa kumi yatakuwa yamekwisha. Nitampeleka Nyota mnadani."

Hapo Kabula naye akaacha kucheka.

Nyota alikuwa ng'ombe wao wa maziwa, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hakukuwa na mwingine. Walikuwa na maksai wawili wa kulimia, lakini ukiuza maksai mwaka unaofuata unalima kwa kucha. Ng'ombe wengine wote walitoka mwaka juzi kwa mahari ya Suzana.

"Mnavyoniona hapa," alisema Suzana polepole, "mimi ni ng'ombe kumi na wanne. Lakini sikamuliki."

"Nyota asiuzwe," alisema Kabula. "Tutauza vibuyu."

"Utamuuzia nani?" aliuliza Malale. "Ulikwenda navyo mpaka maonyesho ya Mpanda. Ukarudi na nini?"

Swali hilo lilimchoma Kabula, kwa sababu jibu lilikuwa limebandikwa ukutani.

Mwezi wa nane Kabula alikuwa amepanda lori mpaka Mpanda mjini, kwenye maonyesho ya wakulima. Alilipa nauli yake, na nauli ya gunia pia. Kulikuwa na mahema, vipaza sauti na watu wengi kuliko siafu. Bwana mmoja mwenye tai alikiinua kibuyu chake juu. "Huu ndio utamaduni wetu!" alisema. Watu wakapiga makofi. Mwingine akapiga picha. Mama mmoja alisema kibuyu kile kingependeza sana sebuleni kwake. Kisha akaenda zake kununua soda.

Kabula alipanda lori la kurudi akiwa na gunia lake. Alikwenda na vibuyu ishirini na vinne. Alirudi na ishirini na tatu, maana kimoja kilikaliwa na abiria mnene. Alirudi pia na cheti.

Malale ndiye aliyekisoma cheti, neno moja moja, kidole kikifuata mstari. "Kimeandikwa kwamba umeshiriki."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ulikuwepo."

"Hilo nalijua," alisema Kabula. "Nilikuwepo. Sikuhitaji karatasi."

Lakini alikibandika ukutani.

Jumamosi iliyofuata Kabula alijaribu tena. Alibeba gunia la vibuyu kwenda gulioni Mamba. Alisikia kwamba watu wa Mamba wameuza mpunga na wana pesa. Ilikuwa kweli. Wananunua ndoo, wananunua viatu, wananunua mpaka redio. Kabula alitandika kipande cha gunia chini. Akaweka kibuyu kimoja katikati. Akakaa.

Mwanamke mmoja alisimama, akakishika kibuyu, akakinusa. Akakunja uso.

"Mama, mbona kinanuka moshi? Kimeungua?"

"Hakijaungua. Kimetiwa moshi makusudi."

"Makusudi?" Mwanamke alikirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake aliyejinyea.

Mzee mmoja akapita. "Cha pombe hiki?"

"Cha maziwa, baba."

"Maziwa! Sisi ni watu wa mpunga, mwanangu. Ng'ombe tunamwona akipita."

Mpaka saa sita Kabula hakuuza kitu. Jirani yake gulioni hapo alikuwa mwanamke wa mjini Mpanda, mfupi, mnene, mwenye ushungi wa kijani. Aliuza vitenge. Aliitwa Mwanahija. Yeye aliuza huku anakula muhogo, na macho yake hayakukosa kitu.

"Dada," aliuliza Mwanahija, "umetoka kote huko kuuza kibuyu kimoja?"

"Ninavyo vingi."

"Viko wapi?"

Kabula alisogea karibu, akashusha sauti. "Ndani ya gunia."

"Vinaumwa?"

"Hapana! Kwetu mali haianikwi. Ng'ombe hahesabiwi mbele za watu. Ukionyesha vyote, jicho baya litaviangukia."

Mwanahija aliweka muhogo chini ili acheke vizuri. "Ng'ombe sawa, dada yangu. Lakini mimi nikificha vitenge vyangu watasema nimeviiba. Mtu akiona kibuyu kimoja anadhani ndicho unachokunywea maji."

Kabula alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Njaa ilikuwa inamuuma. Mwanahija akamkatia kipande cha muhogo, na Kabula akamweleza yote: ghala, Nyota, mwezi wa kumi, cheti.

Mwanahija alisikiliza. Kisha akasema, "Usidhani nakucheka kwa ujuzi. Nazunguka na nguo huu mwaka wa tisa. Mwaka wa kwanza unajua nilifanya nini? Nilipeleka mabuibui ishirini kijiji kimoja cha mbali. Kijiji kizima Mwislamu alikuwa mmoja. Naye alikuwa mwanamume."

Sasa ikawa zamu ya Kabula kucheka.

"Tangu siku hiyo nilishika adabu," alisema Mwanahija. "Soko likiwa kubwa halinitishi, na likiwa na kelele halinidanganyi. Kule maonyesho watu walitoka nyumbani kwenda kutazama. Walitazama, wakafurahi, wakarudi kwao. Hawakukosea. Hapa Mamba pesa ipo, lakini ng'ombe hakuna. Nao hawajakosea. Sasa niambie, huku kwetu nani anakamua ng'ombe?"

"Wasukuma wenzangu."

"Wanakutana wapi?"

"Mnadani. Kila mwezi, pale kwetu Kasansa."

"Mbali na kwako?"

"Natembea. Hata jasho halinitoki."

"Umewahi kwenda?"

Kabula alishangaa. "Mnada ni wa wanaume na ng'ombe!"

"Na mimi ninayeuza vitenge pale kila mwezi," alisema Mwanahija, "ni mwanamume au ng'ombe?"

Kabula alimtazama juu mpaka chini. Hakuthubutu kujibu.

"Lakini dada," alisema baadaye, "wale ni wafugaji. Kila mwanamke ana kibuyu chake. Kumuuzia Msukuma kibuyu ni sawa na kumuuzia kuku manyoya."

"Una hakika wanavyo?"

"Lazima wanavyo."

"Umewaona navyo?"

Kabula akaung'ata muhogo.

"Basi hujui. Unadhani," alisema Mwanahija. "Mnada ujao njoo. Lakini usilete hata kibuyu kimoja. Njoo na macho."

"Nizunguke kutwa mikono mitupu kama mchawi?"

"Ndivyo ninavyofanya mimi kila soko jipya. Siku ya kwanza siuzi. Natazama nani anakuja, na anarudi nyumbani amebeba nini. Naulizia ushuru. Nahesabu nauli. Natazama kama kuna mwingine anauza kitu kama changu. Nikirudi nyumbani najua kama niende tena au nikae nilale. Siku hiyo moja ya kutazama ni bei rahisi, dada. Wewe lori la Mpanda lilikugharimu kiasi gani?"

Kabula hakutaka kukumbushwa.

Siku ya mnada wa mwezi wa tisa, Kabula alijifunga kitenge chake cha kutokea. Malale alimwona akifunga mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Mnadani."

"Kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini?"

"Ningejua ningekwenda kutazama?"

Malale alivuta kofia yake chini, akaondoka mbele. Njia nzima hakugeuka nyuma. Hakutaka watu wajue wako pamoja.

Mnada ulikuwa vumbi tupu. Ng'ombe walilia, wanaume walipiga kelele kuliko ng'ombe. Moshi wa nyama choma ulisimama kama nguzo. Kabula alimkuta Mwanahija amekwisha tandika vitenge vyake.

"Mwangaluka," alisema Mwanahija.

"Eh! Umejifunza Kisukuma?"

"Nimejifunza salamu na bei. Vingine vya nini? Sasa tembea. Kila kitu kitazame."

Kabula akatembea. Kwanza hakuona kitu, maana aliona vingi. Kisha akafika kisimani, pembeni mwa mnada. Pale walikaa wanawake wengi, wakiwasubiri waume zao wauze. Walikuwa wamebeba maziwa ya kunywa mchana. Kabula alitazama. Akapangusa macho, akatazama tena.

Maziwa yalikuwa kwenye madumu ya mafuta ya kula.

Mama mmoja kijana alimkaribisha akamimina kikombe. Kabula akanywa. Maziwa yalikuwa na ladha ya plastiki, na kwa mbali kama mafuta ya taa.

"Mwanangu," aliuliza Kabula kwa upole, "kibuyu chako kiko wapi?"

"Kilivunjika njiani, mama. Tulihama Shinyanga mwaka jana. Nilikuwa navyo vitano. Kila lori likiruka shimo nasikia *pa!* Tulipofika hapa nilikuwa na vipande."

"Hukupanda vingine?"

"Nilipanda. Jua limekula."

"Hata mimi," alisema mwingine. "Mmea wangu ulizaa kimoja, mbuzi akakila."

"Maziwa yanaharibika siku hiyo hiyo," alisema wa tatu. "Mume wangu anasema nimesahau kusukasuka. Sijasahau mimi. Nisukesuke kwenye dumu?"

Kabula alianza kuwahesabu kwa vidole wale wasio na vibuyu. Vidole vya mikono vikaisha. Akaona aibu kuvua viatu.

Alirudi kwa Mwanahija mbio. "Hawana! Hawana kabisa!"

"Shusha sauti," alisema Mwanahija, "nisije nikaanza kuuza vibuyu mimi. Kuna mtu anaviuza?"

"Yupo mzee mmoja. Alileta vitatu, vibaya, havina hata mchoro. Kimoja kina ufa! Ameuza vyote."

"Aliuza saa ngapi?"

Kabula alifikiri. "Asubuhi alikaa bure. Aliuza baada ya saa saba."

"Kwa nini?"

Kabula alitazama zizi, akatazama kisima. Wanaume waliokwisha kuuza walikuwa wanakuja kwa wake zao, mikono mfukoni.

"Asubuhi pesa bado ina miguu minne," alisema.

"Eee!" Mwanahija alipiga goti lake. "Hapo umeona mwenyewe. Sasa nenda kamuulize mtu wa ushuru."

Mtu wa ushuru alisema anayetandika chini analipa shilingi mia moja kwa siku, na anapewa risiti. Kabula alifikiria ile nauli ya lori, akajipiga paji la uso.

Mwezi ule wa kungoja ulikuwa mrefu. Mahindi yalishuka kutoka kwenye goti la Malale mpaka kwenye kifundo cha mguu. Walikula mara moja kwa siku, na maziwa ya Nyota ndiyo yaliyowashikilia. Kabula na Suzana walivishusha vibuyu vyote. Walivijaribu upya kwa maji. Vilivyovuja waliviziba. Kisha wakavitia moshi mpya.

Mnada wa mwezi wa kumi ulipofika, waliondoka alfajiri. Kabula na Suzana walibeba vibuyu. Malale alitangulia, kamba mkononi, na Nyota nyuma yake. Ndaki alibaki shambani na maksai.

Walipofika penye njia panda ya mnada, Kabula alisimama.

"Baba Ndaki, nisubiri mpaka saa nane."

"Bei haisubiri."

"Mpaka saa nane tu."

"Leo tukikosa mahindi, wiki ijayo tutachemsha cheti chako," alisema Malale. Akavuta kamba akaenda upande wa zizi. Nyota aligeuka akamtazama Kabula. Kabula akatazama pembeni.

Karibu na kisima walitandika gunia. Kabula alitoa kibuyu kimoja, akakiweka katikati. Suzana akamtazama tu, mkono kiunoni.

"Vyote, mama."

"Najua."

"Basi toa."

Kabula alivitoa kimoja kimoja, akifumba macho kidogo kila mara. Vikapangwa ishirini na tatu, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Juani michoro yake iliwaka. Kabula mwenyewe hakuwahi kuviona vyote pamoja. Alishtuka jinsi vilivyopendeza.

Saa tatu, hakuna mteja. Saa nne, hakuna. Wanawake walipita, walitazama, walitabasamu, wakaenda kukaa kisimani. Kutoka zizini ilisikika sauti ya mnadishaji ikipandisha bei, na kila ilipokatika, Kabula alijua ng'ombe mmoja amekwenda.

"Ni yeye?" aliuliza kila mara.

"Sijui, mama."

"Hebu panda juu ya kichuguu uangalie."

"Nimepanda mara tatu. Naona pembe tu."

Saa sita ikapita. Kabula alianza kufikiri kwamba hata hapa watu wamekuja kutazama.

Saa saba yule mama kijana wa Shinyanga alikuja, mume wake nyuma yake. Alichukua kibuyu kikubwa. Hakutazama michoro kwanza. Alitoa kifuniko, akaingiza pua, akavuta pumzi. Akafumba macho.

Kabula alishika mkono wa Suzana.

"Baba Malunde," yule mama alimwambia mumewe bila kufumbua macho, "hii ni harufu ya nyumbani kwa mama."

"Basi chukua," alisema mume.

"Nachukua viwili."

Hawakuuliza kama kimeungua. Hawakuuliza kama ni cha pombe. Waliuliza bei, wakapunguziwa kidogo, wakalipa. Wanawake wa kisimani walipoona, waliinuka wote kama kundi la ndege. Walinusa, walipiga kwa kucha kusikia mlio, walichungulia jua kupitia tundu. Mmoja alimkosoa Kabula kwamba mchoro wa pembe umeenda upande. Kabula akafurahi. Kule Mpanda hakuna aliyejua kwamba zile ni pembe.

Ilipokaribia saa nane, vilibaki vitatu.

"Shika!" Kabula alimwambia Suzana. Akakunja pesa kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo, akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, akakimbia kati ya ng'ombe kama msichana aliyesikia ana barua posta. Mwanahija alimwona akipita.

"Dada! Kuna moto?"

Kabula hakujibu. Aliangalia kila ng'ombe mweusi. Huyu hana doa. Huyu ni dume. Huyu, huyu anapandishwa kwenye lori! Ng'ombe akageuza kichwa: paji jeusi. Siye.

Alimkuta Malale nyuma kabisa ya zizi, penye kivuli cha ukuta wa miti. Amekaa chini, kamba kiganjani, kichwa wazi. Nyota alikuwa amesimama kando yake anatafuna kitu kwa utulivu. Ilikuwa kofia ya Malale, imebaki ukingo.

"Hujauza?" Kabula alihema.

Malale alitazama ardhi. "Hakuna mteja. Wote wamesema amekonda."

Kabula alikaa chini vumbini, hapo hapo, na kitenge chake cha kutokea. Alifungua fundo akamwonyesha. Malale alitazama pesa, akamtazama Nyota, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha Kabula akaanza kucheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Nyota akamlamba sikio. Ulimi wake unakwaruza kama msasa, lakini siku ile Kabula aliuona laini.

Walinunua mahindi magunia matatu pale pale, kwa wafanyabiashara waliotoka nayo mbali, wakayapakia kwenye mkokoteni wa jirani. Usiku ule walikula ugali mpaka Suzana akalegeza kanga.

Tangu hapo Kabula hakukosa mnada. Kabla ya kwenda soko lolote jipya, alikwenda kwanza mikono mitupu. Alikwenda gulio moja hivyo, akarudi akasema, "Pale hapana. Wanataka vyungu." Hakujuta. Hata maonyesho hakuyaacha kabisa. Mwanahija alimshauri atengeneze vidogo vya shanga, vyepesi, kwa ajili ya wale wa sebuleni. "Wale ni wateja pia," alisema, "lakini si wa kibuyu kile. Na usibebe gunia. Beba vitano, ujaribu." Pia alimwonya: "Mwakani mvua ikinyesha hawa wenzako watavuna vibuyu vyao. Usilale. Tembea tena na macho."

Mvua ilianza mwezi wa kumi na mbili. Nyota alinenepa, na maziwa yakaongezeka. Siku moja Mwanahija akaja Kasansa kuchukua vibuyu alivyoagizwa na wateja wake. Alikuja na kaka yake, Abdillah, mnunuzi wa ng'ombe, mwenye fimbo nyembamba na sharubu zilizochongwa.

Kabula aliwakaribisha. Suzana alileta mtindi, mzito, kutoka kwenye kibuyu kikubwa. Malale naye alikuwepo, na kofia mpya.

Abdillah alikunywa. Akakitazama kikombe. Akanywa tena mpaka chini.

"Mama," alisema, "haya maziwa ni ya ng'ombe gani?"

"Yule pale," alisema Suzana. "Anatoa asubuhi na jioni. Mpole kama mto wa kulalia."

Abdillah aligeuka. Alimtazama Nyota pale chini ya mfenesi. Alitazama doa jeupe. Kisha akageuka polepole akamtazama Malale.

"Mzee," alisema, "si wewe? Mwezi wa kumi, nyuma ya zizi?"

Malale alikuwa anaangalia paa la nyumba, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Nilimfuata mara tatu!" Abdillah aliwaambia wote. "Nilimpa bei nzuri. Akasema huyu ng'ombe hajatoa maziwa miaka minne. Nikasema basi nitamchinja. Akasema anapiga mateke, amekwisha vunja watu wawili. Nikaongeza bei. Akasema ana kifafa!"

"Kifafa?" alisema Suzana.

"Kifafa! Akasema humshika kila mwezi mwandamo. Na wenzangu wawili nao walikwenda, mmoja akaambiwa anakula nguo za watu, mwingine akaambiwa ni wa marehemu na ana mizimu!"

Mwanahija aliziba mdomo kwa ushungi. Kabula aliweka kibuyu chini taratibu.

"Baba Ndaki," aliita kwa sauti tamu sana. "Si uliniambia hakuna mteja?"

Malale alikohoa. Aliangalia paa, akaangalia miguu yake, akamwangalia Nyota. Nyota aliendelea kutafuna.

"Lakini kofia yangu," alisema hatimaye, "aliila kweli."